Taili hubandukia chini: kuandaa sakafu na ukuta, kisha kuchagua gundi

Taili ikibanduka, igeuze utazame mgongo wake kabla ya kumlaumu aliyeiuza. Mgongo ukiwa safi kama ulivyotoka kwenye katoni, na gundi yote imebaki sakafuni, ujue gundi haikuwahi kuishika taili. Ama ilikuwa imeota ngozi kabla taili haijawekwa, ama mgongo ulikuwa na vumbi, ama ilitumika simiti tupu kwa taili isiyonyonya maji. Mgongo ukiwa na gundi iliyobeba gamba la plasta au mchanga, gundi ilifanya kazi yake na sakafu ndiyo iliyoachia. Ukikuta mistari ya gundi iliyochanwa na meno ya mwiko bado imesimama wima, haijalala, basi taili iliwekwa juu bila kukandamizwa.

Hitilafu zote hizo hutokea kabla ya kazi kuonekana. Ndiyo maana mwenye nyumba wa Kisumu, Nakuru au Kakamega aliye na bajeti ya kubana afadhali achague taili ya bei nafuu na ile tofauti aipeleke kwenye skridi (tabaka la simiti na mchanga linalobeba taili sakafuni) na gundi. Taili ya bei nafuu iliyoshikwa vizuri hukaa miaka mingi. Ya bei ghali juu ya skridi ya unga huanza kulia utupu ikigongwa kabla ya mwaka kwisha.

Ardhi na nyufa

Kwenye uwanda wa Kano, kuelekea Ahero na maeneo ya chini ya Kisumu, nyumba nyingi zimekaa juu ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nakuru kuna udongo wa majivu ya volkano, na sehemu kadhaa za mji zimeshuhudia ardhi ikipasuka baada ya mvua kubwa. Udongo mwekundu wa Vihiga na Kakamega hutulia zaidi, ingawa mvua yake ni nyingi. Hakuna gundi inayoweza kuizuia slabu inayotembea. Kama udongo mweusi haukuondolewa na kujazwa mawe na maramu wakati wa kujenga, taili zitapasuka mahali slabu itakapopasukia.

Kwa hiyo tenganisha ufa uliotulia na ufa ulio hai. Chora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa milimita, andika tarehe. Rudi kupima baada ya msimu wa mvua na tena baada ya kiangazi. Umbali usipobadilika, ufa umetulia: upanue kwa grinda uwe na umbo la V, ondoa vumbi lote, uujaze kwa epoksi au chokaa ya simiti ya kukarabatia zege. Ufa mwembamba wa nywele uliotokana na skridi kukauka hauhitaji zaidi ya hapo. Umbali ukibadilika kidogo, na pande zote mbili zimebaki kimo kimoja, unaweza kupaka juu ya ufa utando wa kuzuia maji wenye wavu, upana wa sentimita 30, halafu utumie gundi inayonyumbuka. Lakini upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, ahirisha taili. Hilo ni tatizo la msingi wa nyumba, na linahitaji mhandisi.

Skridi mpya

Skridi ya kubeba taili ichanganywe simiti kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vinne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo huenda na lita 140 za mchanga, yaani mikokoteni miwili ya kawaida iliyosawazishwa juu, bila kilima. Unene uwe sentimita 4 hadi 5. Kwa chumba cha mita 10 za mraba chenye skridi ya sentimita 5, andaa mifuko minne ya simiti na mikokoteni minane ya mchanga. Slabu iliyo chini isafishwe, ichokolewe kwa tindo, ilowanishwe, ipakwe uji wa simiti, na skridi imwagwe uji huo ukiwa bado mbichi. Uji ukikauka kabla, huwa umeweka karatasi ya kutenganisha badala ya kushikanisha.

Mchanga upimwe. Mchanga wa mto, uwe wa Nyando, Nzoia au Yala, huweza kuja na tope jingi hasa baada ya mafuriko. Jaza chupa angavu mchanga hadi nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache itulie saa tatu. Tope hukaa juu kama tabaka laini. Kwa kila sentimita 10 za mchanga, tope likizidi milimita 8, uoshe mchanga huo au uukatae. Tope huizunguka chembe ya mchanga na kuizuia simiti kuishika, na matokeo yake ni skridi inayotoa unga ukiikwaruza kwa msumari.

Mwambie fundi mapema kwamba sakafu itawekwa taili, ili amalizie kwa mwiko wa mbao. Mafundi wengi wamezoea kupiga niru (ganda laini la simiti) ing'ae, na niru ni nzuri kwa sakafu itakayobaki hivyo. Kwa taili ni kikwazo: ni laini, haina pa kushikia, na mara nyingi ni ganda jembamba linalobanduka peke yake.

Lowesha skridi kwa siku saba, uifunike kwa nailoni au magunia mabichi. Baada ya hapo iache ikauke. Hesabu siku moja kwa kila milimita ya unene wakati wa jua na hewa ya kutosha, na isiwe chini ya wiki tatu hata kama ni nyembamba. Slabu mpya ya zege ipewe wiki sita. Mvua za Machi hadi Mei zikiendelea, ongeza. Unyevu hupimwa hivi: kata nailoni nzito ya mita moja kwa mita moja, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, uiache saa 24. Ukifunua ukakuta matone chini yake au sakafu imekolea rangi, bado. Kama nyumba ni ya zamani na majibu ni hayo hayo hata Januari, maji yanapanda kutoka ardhini kwa kukosa nailoni chini ya slabu, na dawa yake ni kupaka utando wa kuzuia unyevu juu ya slabu kabla ya taili.

Sakafu nyekundu na sakafu za zamani

Nyumba nyingi za miaka iliyopita, kuanzia estate za Kisumu hadi nyumba za walimu vijijini, zina sakafu ya simiti nyekundu iliyong'arishwa kwa nta miaka nenda miaka rudi. Sakafu hiyo huwa imara ajabu, ndiyo maana watu huamua kuweka taili juu yake moja kwa moja. Tatizo ni nta. Mwaga matone ya maji mahali kadhaa: yakikaa mviringo dakika tano bila kuzama, gundi nayo haitazama.

Kuosha kwa sabuni hakutoshi, na mafuta ya taa yasitumike kabisa kwa sababu huyeyusha nta na kuizamisha ndani zaidi. Njia ya uhakika ni kuiparura sakafu nzima kwa grinda yenye kikombe cha almasi mpaka simiti ya kijivu ionekane. Kama hakuna grinda, ichokoe kwa tindo na nyundo: mashimo ya kina cha milimita 3 hadi 5, yakiachana sentimita 3 hadi 5, sakafu yote, pamoja na pembeni na nyuma ya milango. Mashimo machache ya katikati, yaliyopigwa kwa haraka ili mwenye nyumba aone kazi imefanyika, hayana msaada. Rudia tone la maji kila unapomaliza sehemu. Vumbi la simiti huharibu mapafu bila kurudi nyuma, kwa hiyo nyunyiza maji unaposaga, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini (kitambaa hakitoshi), na watoto wakae mbali.

Mahali palipokuwa na kapeti ya plastiki, kwangua gundi yake yote. Sakafu yenye taili za zamani inaweza kuwekwa nyingine juu ikiwa tu za chini hazilii utupu. Zigonge zote kwa mpini wa nyundo. Zile zinazolia uzing'oe na kujaza pengo. Kisha zioshe kwa dawa ya kuondoa mafuta, zikwaruze mng'ao, upake praima (dawa ya kuandaa uso kabla ya gundi) yenye chembe za mchanga. Pima milango kwanza: taili na gundi huinua sakafu kwa milimita 12 hadi 15.

Sakafu ya simiti ya sentimita mbili tatu iliyotandazwa juu ya udongo ulioshindiliwa haibebi taili, hata ikionekana nzuri. Chimba, weka mawe ya sentimita 15 na uyashindilie, tandika nailoni ya geji 1000, mwaga zege ya sentimita 10, halafu ndipo skridi. Ni gharama, lakini ni gharama ya mara moja.

Kuta

Plasta ya kubeba taili ni moja kwa nne, unene wa milimita 12 hadi 15, imekwaruzwa ikiwa mbichi, na imekaa wiki mbili au zaidi. Ikwaruze kwa msumari: mstari mwembamba ni sawa, mtaro wenye mchanga unaomwagika si sawa. Igonge pia, kwa maana plasta yaweza kuwa ngumu huku imeachana na mawe. Mawe ya machimbo ya Nakuru mengi yana vitundu na hunyonya maji upesi. Yakipigwa plasta makavu, huifyonza plasta maji kabla simiti haijashika. Matofali ya kuchoma ya magharibi nayo ni vivyo hivyo. Plasta ya namna hiyo itolewe.

Siku hizi kuta nyingi hupakwa skimu nyeupe, tabaka jembamba la kulainisha plasta, kabla ya rangi. Skimu nyingi zina jasi. Gundi ya simiti ikikutana na jasi penye unyevu, hutokea madini yanayovimba na kuisukuma gundi itoke ukutani, taili zikianguka eneo zima kwa pamoja. Kwangua skimu yote mpaka plasta ya simiti. Ukiwa unajenga, elekeza mapema kwamba jikoni nyuma ya sinki na bafuni zisipigwe skimu. Rangi ya mafuta nayo iondolewe au ichokolewe kama sakafu nyekundu. Taili ikibandikwa juu ya rangi, rangi ndiyo itakayokuwa imeishika nyumba, na rangi haikutengenezwa kubeba kilo 15 kwa kila mita ya mraba.

Ukuta wa udongo uliopigwa plasta ya simiti usiwekwe taili. Udongo na simiti havivimbi wala kusinyaa kwa kipimo kimoja, na tayari plasta yenyewe huwa imeachana sehemu. Anayetaka sehemu ya kupikia inayooshika ajenge ukuta mwembamba wa matofali mbele ya ule wa udongo, juu ya msingi wake, aupige plasta, aweke taili hapo.

Usawa na praima

Lazia rula ya alumini ya mita mbili sakafuni na ukutani, uizungushe. Upenyo chini yake usizidi milimita 3. Ukizidi, sawazisha siku moja kabla kwa chokaa ya simiti ya kusawazishia. Kujaza mabonde kwa gundi nene ni kosa linaloonekana baadaye: gundi hupungua ujazo inapokauka, penye nene hupungua zaidi, na taili iliyokuwa sawa jioni huwa imezama asubuhi.

Baada ya kufagia na kufuta kwa sifongo, fanya tena jaribio la tone. Likinywewa papo hapo, uso una kiu na utaifyonza gundi maji. Paka praima ya maji, uiache ikauke hadi isinate kidoleni. Likikaa juu, uso umefungwa, na unahitaji praima yenye chembe. Likinywewa polepole ndani ya dakika moja mbili, uso wa simiti hauhitaji kitu zaidi ya usafi.

Bafu

Taili na grauti, yaani kijazio cha mianya kati ya taili, havizuii maji. Maji hupita kwenye grauti kila siku watu wanapooga, na kazi ya kuyazuia ni ya utando ulio chini. Anza na mteremko: sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, utengenezwe kwenye skridi. Ziba pembe zote za ukuta na sakafu, na mizunguko ya mabomba, kwa utepe maalumu uliozamishwa kwenye dawa ya kuzuia maji. Paka tabaka mbili, la pili likikata la kwanza kwa mwelekeo, baada ya saa nne hadi sita au kama mfuko unavyoelekeza. Panda sentimita 15 kwenye kuta zote, na hadi mita 2 kwenye ukuta wa kuogea.

Utando ukishakauka, ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita chache, weka alama ukutani, ngoja saa 24. Kwa nyumba ya ghorofa mtu akae chini atazame dari. Jaribio hili hugharimu siku moja na ndoo kadhaa za maji, na likirukwa, kosa hugunduliwa na jirani wa chini wakati taili zote zimeshawekwa.

Kuchagua gundi

Mambo matatu huamua: taili inanyonya maji kiasi gani, inakwenda mahali gani, na ina ukubwa gani.

Unyonyaji husomwa kwenye katoni. Kundi BIa ni poseleni, hunyonya asilimia 0.5 au chini. BIII ni taili za ukutani, zaidi ya asilimia 10. Katikati ziko keramiki za sakafu. Katoni isiposema, dondosha maji mgongoni mwa taili: yakizama na mgongo ukakolea rangi ndani ya dakika, ni keramiki; yakikaa juu, ichukulie kuwa poseleni.

Gundi za simiti zina alama za kimataifa kwenye mfuko. C1 ni ya kawaida, C2 ina nguvu ya kushika mara mbili ya hiyo: kipimo cha chini ni nyutoni 1 kwa milimita ya mraba, wakati C1 ni 0.5. Herufi T humaanisha taili haitelezi kushuka ukutani. E humaanisha gundi iliyotandazwa hubaki wazi, yaani bado yaweza kushika taili, dakika 30 badala ya 20. F hukauka haraka. S1 hunyumbuka, S2 hunyumbuka zaidi.

Keramiki ndogo ukutani ndani ya nyumba, juu ya plasta nzuri: C1T yatosha. Keramiki ya sakafu chumbani: C1. Poseleni ya aina yoyote, mahali popote: C2. Taili ya sentimita 60 kwenda juu: C2E, na ikiwa sakafu ni kubwa au ina historia ya nyufa, C2E S1. Veranda inayopigwa na jua la mchana la Kisumu kisha mvua ya ghafla jioni: C2E S1 bila mjadala, kwa sababu taili hutanuka na kusinyaa kila siku na gundi ngumu hukatika. Juu ya taili za zamani: C2 pamoja na ile praima yenye chembe. Marumaru nyeupe: gundi nyeupe, ya kijivu huonekana kwa ndani.

Gundi iliyo tayari kwenye ndoo, isiyokorogwa, hukauka kwa maji kutoka. Ni nzuri kwa keramiki ndogo ukutani pakavu. Ukiiweka kati ya poseleni na ukuta usionyonya, maji hayana pa kutokea, na wiki kadhaa baadaye bado ni uji.

Mfuko usioandikwa C1 wala C2 mwulize muuzaji karatasi ya maelezo ya kiwanda. Tazama alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) na tarehe ya kutengenezwa: gundi nyingi hudumu miezi 12 zikiwekwa pakavu, na duka lenye unyevu huzipunguzia. Ukibonyeza mfuko ukahisi mabonge magumu, uache.

Na simiti tupu? Fundi wengi bado huitumia, na kwa keramiki ndogo zilizolowekwa majini na kulazwa juu ya chokaa nene ya simiti imefanya kazi kwa vizazi. Poseleni ni jambo lingine. Simiti hushika kwa kuingia kwenye vitundu vya taili, na poseleni haina vitundu. Isitoshe, uji mzito wa simiti husinyaa unapokauka na kujivuta kutoka kwa taili. Gundi ya C2 ina polima zinazonata kwenye uso wenyewe. Zingatia pia kinyume chake: ukitumia gundi, usiloweke taili, kwa maana maji mgongoni huidhoofisha.

Kiasi

Kila milimita moja ya gundi hula karibu kilo 1.3 ya unga kwa mita ya mraba. Mwiko wa meno ya milimita 6, kwa taili za ukuta, hula kilo 3 hivi. Meno ya 8 kwa taili za sentimita 30 hadi 40, kilo 4. Meno ya 10 kwa taili za sentimita 60, kilo 5, na kilo moja zaidi ya kupaka mgongo. Sebule ya mita 20 za mraba kwa taili za 60 kwa 60 basi ni kilo 120, ongeza asilimia 10, kilo 132: mifuko saba ya kilo 20. Taili zenyewe, kwa katoni ya mita 1.44, ni katoni 16 pamoja na asilimia 10 ya kukatika. Kwa mpangilio wa mshazari fanya asilimia 15. Kagua namba ya rangi kwenye kila katoni kabla hazijapakiwa, kwani katoni ya mwisho ya namba tofauti ndiyo hutia doa katikati ya sebule.

Kukoroga na kuweka

Maji kwanza, unga baadaye. Kilo 20 huhitaji lita 5 hivi, lakini mfuko ndio usemao. Koroga kwa drili ya mwendo wa polepole, acha dakika 5 hadi 10 ili polima ziyeyuke, koroga tena. Gundi ikianza kukaza kwenye ndoo, usiongeze maji, itupe. Koroga kidogo kidogo, hasa mchana wa Kisumu ambapo joto hufika nyuzi 30. Veranda ziwekwe asubuhi au zikiwa kivulini.

Futa mgongo wa kila taili kwa sifongo lenye unyevu kidogo. Unga mweupe ulioko mgongoni mwa poseleni hutoka kwenye tanuri, na gundi hushika unga huo badala ya taili. Acha mgongo ukauke.

Kandika gundi kwanza kwa upande laini wa mwiko, ukiisugua ndani ya uso, halafu chana kwa meno kwa mistari iliyonyooka upande mmoja. Mizunguko hunasa hewa. Tandaza eneo la mita moja ya mraba tu kwa wakati. Kabla ya kuweka taili, gusa gundi: isipobaki kidoleni imeota ngozi, ikwangue yote, na usiinyunyizie maji ili kuifufua. Taili kubwa paka mgongo wake tabaka jembamba. Iweke, isukume mbele na nyuma kukata mistari, mpaka ilale.

Mabonge matano ya gundi mgongoni mwa taili, manne pembeni na moja katikati, yasiruhusiwe nyumbani kwako. Pembe zilizo juu ya utupu huvunjika kisigino cha kiti kikizikanyaga, na bafuni maji hukusanyika humo na kunuka. Inua taili moja katika kila safu: ndani pakavu gundi iguse asilimia 80 au zaidi ya mgongo, bafuni na nje 95. Taili ndefu za mfano wa mbao hupinda kidogo katikati, kwa hiyo zipishane theluthi moja, si nusu, la sivyo ncha zitatokeza.

Acha nafasi ya milimita 5 hadi 6 pembeni mwa sakafu yote, skatingi (kipande cha chini ya ukuta) itaifunika. Isijazwe simiti wala grauti. Sakafu ndefu ipewe mwanya wa kunyumbuka kila mita 8 hadi 10, na mlangoni kati ya vyumba. Veranda yenye jua kila mita 3 hivi. Sakafu inayoinuka katikati kama paa la hema, taili mbili zikiegemeana, karibu kila mara ni ile iliyobanwa ukuta kwa ukuta. Mwanya uliokuwa kwenye slabu uendelee hadi juu; ukifunikwa, utajitokeza wenyewe.

Grauti na usafi

Sakafu isikanyagwe kwa saa 24. Grauti siku ya pili Kisumu. Nakuru, Molo au Kericho ambako usiku ni baridi, ngoja saa 48. Mianya ya milimita 2 hadi 3 isafishwe gundi iliyofurika, ijazwe kwa mwiko wa mpira kwa mshazari, ifutwe kwa sifongo lililokamuliwa sana, kwa maana maji mengi hufifisha rangi ya grauti. Pembe ambako ukuta hukutana na sakafu, na kuzunguka sinki, hujazwa silikoni, kwa sababu grauti hapo hupasuka.

Asidi ya kuondoa utando wa simiti isimwagwe kesho yake. Inakula grauti mbichi. Ngoja siku 14, lowesha mianya kwa maji safi kwanza, tumia asidi iliyozimuliwa sana, suuza mara mbili, na marumaru usiiguse nayo kabisa.